Spika ya Chumbani

Opondo alimwachia muuzaji wa duka la spika gitaa lake, akamwomba akwaruze nyuzi bila kuacha, kisha akavuka barabara na kusimama penye wauza ndizi aone kama sauti itamfikia. Ilimfikia. Spika ya inchi kumi na mbili ilipasua kelele za bodaboda ikamgonga kifuani, na mama mmoja aliyekuwa akishusha mikungu akageuka kutazama ni duka gani lina sherehe. Opondo akatabasamu. Ndivyo bendi yao ilivyochagua spika siku zote: ikisikika ng'ambo ya barabara, matangani itafika hadi hema la mwisho.

Alirudi dukani akiwa ameshaamua. Isitoshe Oyugi, rafikiye aliyepiga naye besi enzi hizo, alikuwa amemwonya asikubali kuuziwa kitu kidogo.

Lakini mwenye duka, Bharti, mama wa makamo aliyekuwa akinywa chai nyuma ya kaunta, alitaka kujua bendi itapiga wapi. Opondo akaeleza kwamba bendi ilivunjika zamani. Siku hizi yeye ni fundi cherehani, anashona sare za shule, na kazi ikiisha anarekodi nyimbo chumbani mwake kwa kompyuta kuukuu. Spika ya amplifaya yake imechanika, ndiyo maana amekuja.

"Chumbani," Bharti akasema. "Sasa fundi, maikrofoni utaweka wapi? Hapo kwa ndizi?"

Opondo alicheka, ila swali lilimchoma, kwa sababu hakuwa amesema yote. Atakayeimba ni Anyiko, mkewe. Anyiko aliwahi kuimba na bendi mara moja tu, kwenye harusi ya dada yake, na gitaa la Opondo likamfunika hata watu wakadhani anatafuna kitu. Alishuka jukwaani wimbo ukiwa haujaisha, na tangu siku hiyo akawa mwimbaji wa jikoni. Kumbembeleza arudi kwenye maikrofoni kulimchukua Opondo miaka. Juzi alikubali, kwa sharti: ataimba mara moja, na akifunikwa tena, asiulizwe tena maishani. Opondo alimjua mkewe. Hakuwa mtu wa kutishia bure.

Basi akamweleza Bharti na hilo pia. Bharti akaweka kikombe chini, akasogeza maikrofoni mbele ya spika kubwa na kumpa Opondo hedifoni.

"Piga," akasema. "Mimi naongea hapa kando, kama ndio mama anaimba. Kama hunisikii, hiyo si yako."

Opondo akapiga. Aliona midomo ya Bharti ikienda, asisikie hata neno. Akapunguza sauti, na spika ikawa nzito na ya kukoroma, kama mzee aliyeamshwa mapema. Bharti akashusha nyingine kutoka rafuni, ya inchi nane, ambayo Oyugi angeiita ya redio. Opondo akaipigia polepole. Nyuzi zilitoka safi, kila mmoja na mahali pake, na katikati yake akamsikia Bharti waziwazi, akilalamika kwamba chai imepoa na watu wa gitaa hawana haraka duniani.

Akaichukua hiyo. Ilimuuma kidogo, kusema kweli. Mtu aliyezoea kubebewa spika na vijana wawili huona haya kutembea mjini na ya kutia kapuni. Nyumbani aliikatia kipande cha ubao kupunguza tundu kubwa la ile ya zamani kwenye amplifaya, akaifunga kwa skrubu, akahamisha kaptula na sketi zote alizoshona akazitundika ukutani ili kitambaa kimeze mwangwi.

Jumamosi alasiri Anyiko alijifuta mikono kwa leso, akasimama katikati ya sketi za buluu na kumkumbusha mumewe kwamba ana sufuria motoni. Opondo akaanza kupiga taratibu, akiviogopa vidole vyake mwenyewe. Anyiko akaingia. Sauti yake haikuwa kubwa, haijawahi kuwa, lakini kwenye hedifoni ilikuja yote, hadi pumzi aliyovuta kabla ya neno. Macho yalimlowa Opondo. Hakuacha kupiga.

Alipomrudishia asikilize, Anyiko alisimama, hedifoni kichwani, hadi mwisho. Kisha akazivua.

"Kumbe niko," akasema.

Alipita nyuma ya pazia kwenda kusonga ugali, na huko akaendelea kuimba pale wimbo ulipoishia. Opondo alitega sikio. Maneno yale hakuyajua.

"Mama Adhis, huo ubeti umetoka wapi?"

"Uko siku zote, Baba Adhis. Hatujawahi kufika hapo."

Opondo akalivuta gitaa lake, akaanza kuitafuta sauti yake, uzi mmoja baada ya mwingine, mwiko ukigonga sufuria nyuma ya pazia.