Uwanja Uliokatizwa na Njia ya Kisima

Kabla ya vita vya mwaka 1979, kijiji kimoja kule Koboko, mpakani na Zaire, kilikuwa na timu ya raga. Aliyeileta alikuwa Nasuru, baba wa binti aliyeitwa Afisa. Alikuwa askari, na mchezo huo alijifunza kambini, mbali kusini. Siku moja akaja likizo na mpira mrefu kama papai. Vijana waliucheka, kisha wakaupenda.

Palikuwa na mahali pamoja tu pa wazi, na njia ya kisimani ilipita katikati yake. Wazee wakatoa sharti: mwanamke akivuka na maji kichwani, mchezo usimame. Mwenye mpira auweke chini, kila mtu abaki alipo. Nasuru akaifundisha sheria hiyo pamoja na zile za kambini, na vijana hawakujua tofauti. Kwao hiyo ndiyo ilikuwa raga.

Vita vilipofika, walikimbilia Zaire. Afisa aliacha shule akiwa darasa la nne na hakurudi tena. Nasuru aliutoa mpira upepo, akauficha ndani ya gunia la mtama. Mtama uliliwa njiani, mpira ukabaki.

Miaka ikapita, wakarudi. Nyumba zilikuwa zimemezwa na nyasi, lakini vijana waliokulia ukimbizini walifyeka uwanja kwanza, nyumba baadaye. Afisa, sasa msichana mkubwa, aliogopa kuvuka pale kuliko kupita makaburini. Vijana wakisimama kimya kumngoja, miguu yake ilisahau kutembea. Sule, mwenye mbio kuliko wote, alipenda kumtania.

"Polepole, dada! Usikimbie. Sisi tunapata pumzi kwa ajili yako."

Afisa hakumjibu hata mara moja.

Ndipo chifu wao, aliyeitwa Soka, akautamani uwanja. Alitaka kujenga mabanda ya kukaushia tumbaku. Nasuru alipomsihi, chifu akacheka.

"Nyinyi mnasema mnajua kucheza. Nendeni mjini Arua mkacheze nao. Mkishinda, uwanja ni wenu. Mkishindwa, msinisumbue tena."

Walikwenda kwa lori la mihogo. Afisa alifuatana na shangazi yake, Mariam Poni, kubeba chakula na maji. Watu wa mjini walikuwa wamejaa pembeni, na midomo yao haikulala.

"Watu wa Koboko! Mmeleta mpira au mmeleta mawese ya Zaire?"

"Mawese iko," Dramadri, mnene wa timu, akawajibu. "Tutawapaka mkishaumia!"

Waliumizana kwelikweli. Jua lilipoanza kuinama walikuwa sare, na mwamuzi alikwisha kutazama saa yake. Hapo Sule akaunasa mpira, akamkwepa mmoja, akamkwepa wa pili, akabaki peke yake na uwanja mtupu mbele. Nasuru alisimama akashika kichwa kwa mikono miwili. Mariam Poni alikuwa tayari ameanza kigelegele.

Afisa ndiye aliyemwona yule mama. Alikuwa anatoka bombani na beseni la maji kichwani, akikata kona ya uwanja bila habari na mtu. Afisa akajua mara moja nini kitatokea. Aliuona uwanja wa nyumbani, aliyaona mabanda ya tumbaku juu yake. Mdomo ukafunguka.

"Sule! Usisimame! Kimbia!"

Hata shangazi yake aligeuka kumtazama. Hakuna aliyewahi kusikia sauti hiyo.

Sule alifika karibu kabisa na mstari wa kufungia. Akasimama. Akauweka mpira chini taratibu, na nyuma yake wachezaji wote wa Koboko wakasimama kama miti. Vijana wa Arua walishangaa kidogo tu. Mmoja akauokota mpira, akakimbia nao uwanja mzima, akafunga. Yule mama alimaliza kuvuka, akaenda zake.

Lori lilipoipita Manibe, njiani kurudi nyumbani, Dramadri akashindwa kuvumilia.

"Mutu ya Arua iko anakimbia, sisi tumesimama kama tuko msikitini!"

Lori zima likaangua kicheko, hata Nasuru, ingawa macho yake yalikuwa yamelowa. Afisa akamsogelea Sule.

"Hukunisikia?"

"Nilikusikia."

"Sasa?"

"Mama alikuwa na maji kichwani, Afisa. Ningefanya nini?"

Chifu hakungoja mvua, mabanda yakasimama. Vijana wakawa wanakaa barazani mikono mitupu, na Nasuru akaanza kuzeeka waziwazi. Afisa alimtazama, akaona heri aibu ya kusema kuliko hivi. Sauti iliyokwisha kumtoka kule Arua haikukataa kutoka tena. Asubuhi moja akaenda kwa Mariam Poni.

"Shangazi, naomba lile shamba lako la mlimani, lililolala."

"Utalima nini?"

"Silimi. Nataka wacheze."

"Nani amekutuma?"

"Sikutumwa."

Mariam Poni akanyoosha kidole kuelekea mlimani. "Basi waje na majembe. Mawe ya huko si ya mchezo."

Walicheza pale hadi miaka ya tisini. Uwanja ulikuwa umeinama vibaya, na timu zilizotoka Arua na Pajulu zilipandishwa mlima kipindi cha kwanza mpaka ndimi zikatoka nje. Wakati wa mapumziko Nasuru aliwapelekea maji mwenyewe, akiwapigapiga mgongoni.

"Poleni, wanangu. Kipindi cha pili nyinyi ndio mnashuka. Kama mtakuwa bado na miguu."