Hodi za Kioo cha Nyuma

Asubuhi hiyo mchomeleaji alianza na viti vya nyuma. Alifungua nati zake, akazitumbukiza kwenye kopo la rangi, kisha akavibeba viti hadi uani, na mama yake akakalia kimoja kuchagua mchele. Kilikuwa kiti cha ngozi. Mama alisema kinateleza.

Mchomeleaji huyo watu walimwita Cheche. Gari lenyewe lilikuwa kubwa, la vioo vyeusi, gari la ofisi lililombeba Mkubwa miaka na miaka kabla hajapewa jipya. Ofisi ilipolitoa kama chuma chakavu, Cheche na kaka yake, ambaye alikuwa dereva, walilivuta kwa kamba mpaka nyumbani. Walitaka kulifanya pikapu ya kupanda mlimani, alikoolewa mdogo wao, kitindamimba. Barabara ya huko ilikuwa barabara kwa jina tu. Mdogo wao alikuwa mjamzito, siku zimekaribia. Mimba ya kwanza iliharibikia njiani, akiteremshwa juu ya kitanda mabegani mwa watu. Safari hii, Cheche alisema, atashuka kwa magurudumu.

"Si ulikate tu?" kaka yake alimwambia. "Mbona unalizungukazunguka kama unalichumbia?"

"Nilikate tu, halafu milango igome kufunga?"

Kaka alilikumbuka gari la jirani mmoja, aliyeanza kwa kukata paa. Bodi ilijiachia kama suruali iliyokatika mshipi, na mpaka leo anaendesha milango ikiwa imefungwa kwa kamba. Cheche alitangulia kuchomelea vyuma vya kuishikilia bodi, nguzo hadi nguzo. Akatoa betri. Akashusha tangi la mafuta, akaliburuta hadi kivulini, mbali na moto. Akapima, akapiga mstari wa chaki nyuma ya viti vya mbele, akaenda upande wa pili akapima upya, kwa sababu gari, kama binadamu, halina pande mbili zilizo sawa. Ndipo akavaa miwani na kuwasha grinda.

Ilikuwa raha kumtazama. Hakuilazimisha grinda, aliiacha ijilie chuma yenyewe taratibu, naye akiifuata kama mtu anayemshika mkono kipofu. Paa lilipokatika lilishuka mikononi mwao bila kishindo, kama mfuniko wa sufuria.

Mlango wa nyuma hakuutupa. Fundi mwingine angetafuta bati la kuziba mgongo wa dereva. Yeye aliupunguza mlango ule ule, akausogeza mbele na kioo chake, akauchomelea, na ukakaa kama ulizaliwa hapo. Alipozima mashine, kioo kikabisha hodi.

Kaka yake alitazama nyuma ya gari. Hapakuwa na mtu. Kioo kikabisha tena.

"Hizo ni hodi za zamani," Cheche alisema, akijifuta jasho. "Zilikwama humo."

Aliyasema hayo kama mtu anayesema kuna maji kwenye mafuta. Miaka yote watu wa mlimani walikuwa wakikibisha kioo kile kuomba wapandishwe, na hapakuwa na aliyefungua. Hodi isipojibiwa haina pa kwenda. Mchana kutwa zikawa zinatoka: hodi ya kiganja, hodi ya bakora, hodi ya mtu mwenye pete, hodi ya kidole cha mtoto chini kabisa ya kioo. Wapita njia walisimama kusikiliza.

"Hiyo ya marehemu mjomba wangu," mmoja alisema. "Alikuwa na papara yule." Kisha akashika njia yake ya sokoni.

Alasiri ikatoka hodi ya polepole, mapigo mawili, halafu la tatu kama linaloomba radhi. Mama aliuweka ungo chini.

"Hiyo yangu," alisema.

Wanawe wakamgeukia.

"Ya lini, mama?" Cheche aliuliza.

"Siku ile ya kitanda. Walitukuta na gari hili kwenye daraja lililobomoka, wakapunguza mwendo kwa ajili ya shimo. Nikakimbia nikawabishia hodi."

"Mbona hukutuambia?"

"Niwaambie nini? Kwamba nilikimbilia gari kama mwendawazimu? Sikuona mtu mle. Nilijiona mwenyewe tu kwenye kioo, kilemba kimenivuka." Akauchukua ungo wake. "Haya, endelea na kazi, jua linakwenda."

Cheche alichukua kitambaa safi, akakipangusa kioo kile polepole, pembe hadi pembe. Halafu akaendelea na kazi.

Alilifungia springi za lori, likanyanyuka. Akalivisha tairi zenye meno makubwa. Bomba la moshi akalipandisha hadi juu ya paa, lisinywe maji kwenye mito. Nyuma akazungushia mabomba ya kujishikia, na ncha zote akazipiga msasa, zisije zikamchana mtu. Hata chini, ambako hakuna anayeona, alipaka rangi. Kaka yake alizunguka, akatafuta kosa, akalikosa.

"Limesimama kama beberu," alisema.

Sifa zilimfikia Mkubwa, naye akaja na gari lake jipya. Alishuka, akaipigapiga pikapu begani kama rafiki.

"Fundi, una mkono wewe! Hili si lile langu hata kidogo." Kioo kikabisha puani pake. Mkubwa akakunja uso. "Ila hiyo kelele. Wakati wangu halikuwa na kelele."

"Ilikuwepo, mheshimiwa," mama alimjibu kutoka kwenye kiti chake cha ngozi.

"Kaza mpira wa kioo," Mkubwa alimshauri Cheche, kwa nia njema kabisa. Akarudi garini, vioo vikapanda.

Simu ya shemeji ilikuja siku ya mvua: uchungu umeanza. Pikapu ilipanda mlima pasipo kukwama, ikipita kwenye mawe ambayo mbuzi huyafikiria mara mbili. Waliporudi, Cheche na mama yao walikaa nyuma, chini ya turubai, wakimshikilia mgonjwa juu ya godoro.

Kwenye kona ya kwanza kioo kikabisha. Dereva akasimama, na hapo palikuwa na mwanamke na mzigo wake. Akapanda. Mbele kidogo kikabisha tena, palikuwa na mzee mwenye mguu uliovimba. Kila mahali ambapo hodi ilipigwa zamani palikuwa na mtu bado, au mwanawe.

Dereva alitoa kichwa nje. "Cheche! Nikisimama kila hodi mtoto atazaliwa kwenye matope!"

Cheche alimtazama mdogo wake, ambaye alikuwa ameng'ata kitambaa. Mdogo wake akakitoa mdomoni.

"Simama, kaka," alisema. "Usimpite mtu."

Wakasimama kila hodi. Walipofika kwenye mteremko wa utelezi, pale ambapo magari huserereka kando, pikapu ilitulia. Pikapu tupu ina mkia mwepesi, na mkia mwepesi huteleza, lakini huu ulikuwa umejaa watu. Cheche alilijua hilo alipochagua springi. Watu walishikana viuno, tairi zikauma ardhi, wakavuka.

Kwenye daraja lililobomoka kioo kikabisha mapigo mawili, na la tatu likafuata. Dereva akasimama, akasubiri. Mvua ilikuwa ikinyesha barabarani na hapakuwa na mtu.

Mama akainuka kwa kushikilia bomba, akaligonga paa kwa kiganja.

"Ni mimi huyo," alisema. "Nimeshapanda. Twende."

Wakaenda. Pale darajani hakikubisha tena.

Hospitalini, mahali pa kushushia wagonjwa palikuwa na gari jipya la Mkubwa, linanguruma, vioo juu. Mama aliliendea akabisha hodi, wamsogezee. Hawakufungua. Basi wale waliookotwa njiani walishuka wote, wakalishika godoro huku na huku, hata mzee wa mguu, wakampitisha mgonjwa kando ya gari lile hadi ndani. Mtoto alizaliwa kabla mvua haijakatika, wa kike, na sauti yake ilisikika hadi getini.

Cheche alitoka kumpa kaka yake habari. Gari lile lilikuwa bado palepale. Alisimama kando yake, akalitazama nguzo kwa nguzo, kwa jicho la kazi, akaona kwamba likija kuchoka litakatika vizuri nyuma ya viti vya mbele. Kioo, aliamua, atakitoa kwa uangalifu, maana hodi ya mama ilikuwa tayari humo.