Mkono wa Dirishani

Kwanza zilisikika bangili. Kisha mkono ukatokeza kidirishani, mkono wa kulia, mwembamba, wenye bangili nane za kioo cha kijani. Ukasukuma sahani ya shaba mpaka ukingoni mwa ubao, ukarudi ndani, nyuma ya pazia. Hivyo ndivyo wateja wa mkahawa wa Devshi, pale Chake Chake, walivyomjua mkewe, Bi Jamna: mkono tu. Kila adhuhuri Mabanyani wa mji, wenye maduka na makarani, waliuvizia mkono ule kama sisi tunavyouvizia mwezi wa Shawali.

Nyuma ya pazia kulikuwa na mikono mingine miwili. Hiyo haikuwa na bangili. Ilikuwa ya mama yangu.

Mama, Bi Time, alikuwa mtu wa Vitongoji, pwani ya mashariki, kwenye ardhi ya mawe ambayo mpunga hauitaki na watu hupanda uwele. Baba alipofariki tulihamia Tibirinzi, na Mama akapata kazi ya kusaga kwa Devshi. Miaka saba alisaga uwele uani, kwa jiwe alilolibeba kutoka kwao, na hakuwahi kuvuka kizingiti cha jiko. Unga mkavu haukuwa na neno. Aliweza kuusaga yeyote. Maji na moto ndivyo vilivyokuwa na wenyewe. Mabanyani wale hawakula chakula kilichopikwa na asiyekuwa wa dini yao. Hata ukipita dukani kwao na kiu, hukupewa kikombe. Ulikinga viganja ukamiminiwa maji kutoka juu, chombo kisikuguse.

Tulikinga. Kiu haina kiburi.

Mwaka wa hamsini na tano Bi Jamna alianguka mbele ya meko. Alipozinduka, upande wake wa kushoto ulikuwa umekufa: mguu, mkono na pembe ya mdomo. Devshi alitaka kuufunga mkahawa. Bi Jamna akaketishwa kwenye kigoda jikoni, akamtazama Mama aliyekuwa amesimama nje na ungo wa unga, akamwambia neno moja.

"Vuka."

Mama akakitazama kizingiti. "Bi Jamna, na watu wako?"

"Watu yangu wanataka kula. Vuka, Time. Lakini oga kwanza."

"Mie nnatawadha mara tano kwa siku," Mama akasema. "Wewe waoga mara ngapi?"

Bi Jamna akacheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki, na Mama akavuka.

Miaka minne walikaa hivyo, mmoja kwenye kigoda chini ya kidirisha, akitoa sahani kwa mkono wa kulia, mmoja mbele ya moto. Bi Jamna alikuwa macho na kumbukumbu, Mama alikuwa mikono. Alijifunza mchuzi wa mtindi usiokatika, haradali inayotiwa kwenye samli mpaka iruke, bilingani la kuchoma lililopondwa na thomu mbichi. Kuhusu mkate wa uwele, ambao wao huuita rotlo, hakufundishwa mengi. Uwele ulikuwa wake tangu tumboni. Alichofundishwa ni kuupiga mkate ule hewani, kati ya viganja viwili, pasi na kibao wala kisukumio, mpaka donge liwe duara jembamba kama mwezi. Wateja walipoondoka, Mama alikaa chini akamlisha Bi Jamna, tonge kwa tonge, akimfuta mdomo upande usiohisi. Bi Jamna alimwita "Time ben". Ben, kwao, ni dada.

Nilikuwa binti wa shule nilipolijua jambo hili, na Mama alinikalisha kitako.

"Hino siri ni amana, Mwanawema. Si yangu, si yako."

Niliapa.

Bwana Harjivan alifika Pemba mwaka wa hamsini na nane, karani katika ghala la karafuu. Alikuwa mtu wa Kachi, bara Hindi, kijiji kimoja kikavu karibu na Bhuj, na alikuwa na miaka kumi na miwili hajakiona. Kote alikopita alitafuta chakula cha kwao. Mombasa alikuta mkahawa wa watu wa Surati, kila mchuzi umetiwa sukari guru. Tanga alikuta Mapunjabi, samli inaelea kama ziwa. Unguja palikuwa na mzee mmoja aliyepika bila thomu wala kitunguu, kwa dini yake. "Kote Hindi, Hindi," alikuwa akisema, "lakini kwetu hapana." Siku ya kwanza alipoketi kwa Devshi, mkono ukatokeza, akavunja kipande cha mkate wa uwele, akakichovya, akakitia kinywani. Mama alimwona kwa upenyo wa pazia. Alikuwa akilia, na haachi kutafuna.

Mama alinisimulia hilo nilipokuja likizo, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikupata kukiona. Fahari, nadhani. Fahari isiyokuwa na pa kwenda.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa masika ya mwaka wa hamsini na tisa. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo cha ualimu Unguja na diploma yangu ndani ya mfuko wa khaki, umri miaka ishirini na moja, na maneno mengi kuliko pa kuyaweka. Mama alisahau nyumbani unga aliousaga usiku, nikampelekea. Kichochoro cha nyuma kilikuwa kimejaa maji mpaka magotini, kwa hiyo nikaingia kwa mbele, na buibui langu linachuruzika, nikasimama karibu na mlango nimngoje Devshi aje aupokee unga.

Harjivan alikuwa mezani na wenzake wawili. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeshiba.

"Wewe binti," akaniita, "unasikia harufu? Hii mkono ya Kachi. Mama yako anaweza hii?"

"Mama yangu anaweza mengi, bwana."

"Anaweza muhogo!" akasema mwenzake, wakacheka.

"Muhogo na ndizi," akasema Harjivan. Hakusema kwa chuki, na hilo ndilo lililoniwasha. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Mungu amegawa, binti. Mtu ya hapa, mpe unga ya dhahabu, atakoroga uji tu. Mkono hii," akaonyesha kidirisha, "mtu anazaliwa nayo."

Devshi alikuwa amekwisha kunifikia. Aliushika mfuko wa unga, na macho yake yakaniomba. Nayakumbuka macho yale. Niliyaelewa sawasawa, na nikayapita.

Chuoni walitufundisha kwamba mwalimu mzuri hasemi jibu. Huuliza.

"Bwana Harjivan," nikasema, "mkate huu hupigwa kwa mikono mingapi?"

"Miwili. Kila mtoto ya Kachi anajua."

"Na Bi Jamna anayo mizima mingapi?"

Kwenye kidirisha mkono ulikuwa umetokeza na sahani. Ukasimama pale pale. Bangili zikanyamaza.

Mji mzima ulijua kwamba Bi Jamna aliugua. Hakuna aliyeuliza amebaki na nini. Harjivan alikuwa mtu wa hesabu. Niliiona hesabu ikipita usoni mwake, mstari kwa mstari. Akainuka, akaenda mpaka kidirishani, akalifunua pazia.

Mama alikuwa amechuchumaa mbele ya moto, unga mpaka viwikoni, donge kati ya viganja. Aliinua macho akamwona. Hakuliweka chini. Aliendelea kulizungusha, pa, pa, pa, kwani mkate wa uwele ukiuacha katikati hupasuka.

Harjivan alitoka nje mvuani, akainama kwenye mtaro, akajitia vidole kooni. Wenzake wakamfuata. Nilisimama mlangoni nikawatazama watu wazima watatu wakitapika chakula walichokisifu sasa hivi, na nilifurahi. Naliandika neno hili kwa makusudi. Nilifurahi.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Wazee wa jamaa yao walikutana alasiri ile ile. Vyungu vya Devshi vya udongo vilivunjwa uani, vya shaba vikapitishwa motoni, jiko likapakwa upya kwa udongo na samadi ya ng'ombe, ndio utakaso wao. Devshi aliambiwa achague: ama jamaa yake ama mpishi wake. Mtu aliyefukuzwa na jamaa hana wa kumwozea watoto wala wa kumchoma akifa. Sikumlaumu. Alikuja mwenyewe mpaka Tibirinzi, akasimama nje na mwavuli.

"Time, usije tena," akasema. "Mimi sina hasira."

"Nani atamlisha?" Mama akauliza.

"Tumeleta shemeji kutoka Wete."

"Kiungulia kinamsumbua. Asimtilie pilipili."

"Nitamwambia."

"Na tonge amtilie upande wa kulia. Wa kushoto hausikii."

Devshi akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Hakunitazama, nami nilikuwa nimekaa pale pale kizingitini.

Nilingoja Mama anipige, au anilaani, au alie. Nilikuwa nimejiandaa; nilikuwa na hoja zangu. Kwamba kweli ni kweli. Kwamba mtu hawi mchafu kwa kuzaliwa Vitongoji. Kwamba si haki fahari ya mtu ikae nyuma ya pazia miaka minne. Hoja zote hizo ninazo mpaka leo, na hakuna hata moja iliyooza. Mama alimaliza kukunja kanga alizokuwa akikunja, akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kwa kweli:

"Ulipata nini?"

Hakuniuliza tena.

Habari zilitufikia kwa vipande, kama zinavyofika za nyumba usiyoruhusiwa kuingia. Shemeji wa Wete alipika vizuri. Bi Jamna alikuwa akigeuza uso ukutani. Akafumba mdomo. Walimwita daktari, akasema mwili hauna ugonjwa mpya. Mara mbili Mama alikwenda akasimama kwenye kichochoro cha nyuma, chini ya dirisha la jiko, na mara mbili mtu alitoka akamwambia kwa adabu arudi. Mara ya pili, Mama alisema, alisikia bangili zikigonga ukuta. Pole pole. Kama mtu anayebisha hodi kutoka ndani.

Bi Jamna alikufa kabla karafuu hazijaanza kuchumwa. Tulisimama upande wa pili wa njia wakati wanaume walipompitisha. Alikuwa amefunikwa shuka nyekundu, na mkono wa kulia ulikuwa umeteleza ukachungulia nje, ukitikisika kwa mwendo wao. Bangili zilikuwa zimepanda mpaka karibu na kiwiko. Mkono ulikuwa umekonda kiasi hicho.

Mama alikaa siku tatu hakuwasha moto. Majirani walidhani amefiwa na ndugu, wakatuletea chakula. Hakuwasahihisha, nami sikuwasahihisha.

Mwaka mmoja baadaye nilikuwa nikisomesha darasa la pili, na siasa zilikuwa zimeanza kuingia majumbani. Jumapili moja, mchana, Bwana Harjivan alibisha hodi uani kwetu.

Sikumjua mara moja. Koti lilikuwa lile lile, lakini mtu aliyekuwamo alikuwa amepungua. Alisimama kwenye jua, kofia mkononi. Mkahawa wa Devshi ulikuwa umefungwa. Alikuwa anakula, tulisikia, wali mtupu anaojipikia kwenye jiko la mafuta ya taa.

"Hujambo, Bi Time," akasema.

Sikuwahi kumsikia Banyani yeyote akimwita Mama "Bi".

"Sijambo, bwana. Karibu."

Aliketi kwenye kigogo.

"Mimi nahamishwa," akasema. "Meli ni Jumatano. Kule sijui iko nini. Bi Time, uwele unayo?"

Mama akafunga kanga yake vizuri.

"Mkate moja tu. Nitakula hapa hapa." Akatazama uani, huku na huku, akashusha sauti. "Hapana mtu anaona."

Jua lilikuwa kali, na midomo yake ilikuwa imekauka mpaka imepasuka. Mama akaingia ndani, akatoka na kata ya maji, akaja akasimama mbele yake. Harjivan akanyoosha mkono aipokee kata. Mama hakumpa. Aliiinua juu, akangoja.

Harjivan alielewa. Akakinga viganja, na Mama akammiminia kutoka juu, taratibu, bila kumwaga tone, mpaka akashiba. Uso wa Mama haukuwa na kisasi. Ulikuwa uso wa mtu anayemhifadhia mgeni dini yake.

"Hatuna uwele, bwana," akasema.

Jiwe la kusagia lilikuwa pale uani, hatua tatu kutoka alipoketi, jeupe kwa unga wa asubuhi. Mjomba Jecha alikuwa ameleta pishi mbili za uwele kutoka Vitongoji juzi yake. Harjivan alilitazama jiwe. Kisha akanitazama mimi, yule binti wa maswali, kama mtu anayengoja kusahihishiwa daftari.

Ndege walikuwa wakidonoa chembe pembeni mwa jiwe. Nilikuwa na sentensi nzima tayari, imenyooka, ya kweli kila neno.

Nikaokota ufagio, nikaanza kufagia uwanja.