Vitabu Vinane vya Fundi Cherehani

Darasa la Kiingereza la ngazi ya kati lilikuwa na wanafunzi tisa, wote watu wazima na akili zao, na kwa muda wa miezi miwili wote tisa walikuwa wakimdanganya mwalimu wao bila kupepesa macho.

Uongo wenyewe ulihusu vitabu. Mwalimu alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, mwenye adabu ya kuwaamkia wanafunzi wake shikamoo kabla ya kuwasahihisha vitenzi. Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi saa tisa alasiri, alikuja na kapu la vitabu vyake mwenyewe, alivyovisoma chuoni na kuvipenda mpaka kurasa zikalegea. Aliwagawia, akawaacha wakasome, na waliporudi akawauliza wamevionaje.

"Kina mambo mazito," alijibu Karani Mstaafu, mzee aliyekula chumvi nyingi. Yeye kila mara alichukua kitabu kinene kuliko vyote, akapita nacho mtaani kwapani, jina limegeuzwa nje ili watu walione.

"Mazito kwelikweli," wengine wakaitikia.

"Na mwisho wake je?"

"Aa, mwisho wake ndio usiseme, Mwalimu."

Fundi Cherehani naye aliitikia hivyohivyo mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ya nne ikamshinda. Alikuwa mama wa miaka hamsini na moja, mwenye chumba cha kushonea kati ya kinyozi na duka la dawa, na miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia mteja kwamba nguo imemkaa wakati inambana. Sasa alijiona anafanya hivyo kila Jumamosi.

"Mwalimu," akasema akiinuka, "leo nasema ukweli hata ukinifukuza. Kitabu chako nimeishia ukurasa wa nne. Nimekaa na kamusi siku tatu. Nikilipata neno la tatu, la kwanza limeshanitoka. Mume wangu kaniuliza kinahusu nini, nikamwambia mvua. Mpaka nakifunga ilikuwa bado inanyesha."

Kisha Dereva, mwanamume mpana aliyeendesha lori la saruji na kukaa dawati la nyuma, akakohoa.

"Mimi ukurasa wa sita."

"Mimi wa pili," akasema Muuguzi, "na huo wa pili niliusoma nimesinzia."

Wakaungama mmoja baada ya mwingine, mpaka akabaki Karani peke yake, anatazama dari kana kwamba imeandikwa kitu.

Uso ulimshuka Mwalimu. Akalitazama lile kapu, akawatazama wao. "Kwa hiyo miezi miwili mlikuwa mnanionea huruma?"

"Tulikuwa tunakuheshimu, mwanetu," akasema Muuguzi kwa upole.

Hapo binti alishindwa kujizuia, akaangua kicheko mpaka akafuta machozi kwa kifutio cha ubao na kubaki na chaki shavuni. Alipopata pumzi akasema, "Kosa ni langu. Nilichagua ninavyovipenda mimi. Sasa Fundi, kachague wewe. Maktaba iko mtaa wa pili. Vitabu vinane kwa wenzako wanane, Jumamosi ijayo."

"Mimi? Niliyeishia ukurasa wa nne?"

"Wewe hasa. Unajua panapobana."

Alirudi nyumbani kichwa kinamzunguka. Mumewe, fundi wa redio, alikuwa jikoni anakatakata vitunguu, kwa kuwa Jumamosi zamu ya kupika ilikuwa yake. Akasikiliza kisa chote bila kuinua kisu.

"Nitawachaguliaje watu vitabu ambavyo mimi mwenyewe sijavisoma?" Fundi akalalamika.

"Mke wangu, umeshona suruali za kiume ngapi maishani mwako?"

"Nani anahesabu?"

"Na umevaa ngapi?"

Fundi akamtazama. Halafu akaenda kuchukua daftari lake la vipimo.

Wiki ile hakuna mwanadarasa aliyepona. Alimwendea Muuguzi kwenye lango la hospitali akamuuliza anasoma saa ngapi, akaambiwa ni dakika kumi za chai, amesimama, kikombe mkononi. Akaandika: *vifupi, vya kumaliza kwa kikombe kimoja.* Dereva alimwambia kwamba kwenye mizani ya malori foleni humweka hata saa tatu nzima, na kwamba anapenda habari za safari. Akaandika: *kirefu kidogo, cha barabarani.* Mpishi wa shule, mama mnene mwenye haya, alisema yeye kitabu chochote tu, halafu akauliza kwa sauti ya chini kama kuna chochote chenye watu wanaopendana. Fundi hakuuliza zaidi; akaandika neno moja na kulipigia mstari.

Kwa Karani aliandika: *chembamba. Kionekane kinene.*

Alhamisi alifunga chumba chake mapema, akaenda maktaba. Alisahau kuvua kile kifuko cha pini alichokivaa mkononi kama saa. Mkutubi alikuwa bwana mwembamba, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, na alionekana kuwapenda zaidi wasomaji wasiogusa vitu.

"Nikusaidie, mama?"

"Nataka kitabu cha mtu anayesoma amesimama."

Mkutubi alivaa miwani ili amwone vizuri. "Hapa tunapanga kwa majina ya waandishi."

"Basi ngoja nitafute mwenyewe."

Akatafuta kwa namna yake. Alivuta kitabu, akakifungua katikati, akasoma ukurasa mmoja midomo ikitikisika. Kila neno asilolijua alichomoa pini kifukoni na kuichomeka kwenye ukosi wa gauni lake. Pini zikizidi tano, kitabu kilirudi rafuni. Isipotoka hata moja, nacho kilirudi, maana hapo hakuna la kujifunza. Baada ya nusu saa shingo yake ilimeremeta kama ya bibi harusi, na hakuwa amepata hata kitabu kimoja.

Mkutubi alikuwa amemfuata nyuma akirudisha kila kitabu mahali pake. Mwishoni uvumilivu ukamwishia, lakini si kwa namna aliyoitarajia Fundi.

"Hicho nacho weka chini, kitakuchoma bure," akasema. "Kumbe unajifunza Kiingereza? Ngazi ya kati? Kwa nini hukusema?"

Akaingia stoo, akatoka na boksi lenye vumbi. Ndani mlikuwa na hadithi zilizoandikwa kwa Kiingereza chepesi kwa ajili ya watu wanaojifunza: za mapenzi, za wezi, za safari, za mizimu. "Watu wazima wanaona haya kuviomba," akaeleza. "Wanadhani ni vya watoto. Kumbe soma hapa, huyu bwana ana wake wawili, kwao huko ni kosa, basi anawaficha wote wawili polisi wasimkamate. Hicho ni cha watoto?"

Walikaa chini kwenye kapeti mpaka saa ya kufunga, yeye akisoma kwa sauti, Fundi akichomeka pini. Mbili, tatu, nne. Viliingia barabara. Kufika jioni alikuwa na vitabu vinane mkobani, na Mkutubi alikuwa amelegea kiasi cha kucheka mpaka miwani ikamdondoka.

Jumamosi aligawa. Mpishi alipoona picha ya jalada alikificha chake haraka chini ya kanga, akabaki anatabasamu peke yake. Tatizo likawa Karani.

"Hiki nini?" akauliza, akikishika kwa ncha za vidole. "Kurasa themanini? Herufi kama za kibao cha duka? Fundi, mimi nimeandika barua za serikali miaka thelathini na tano."

"Mzee wangu, shikamoo yako, lakini naomba unisikilize. Kina mwizi, na mwizi mwenyewe ni mtu wa ofisini. Nani hapa anazijua ofisi kukuzidi? Nimekipigia na jalada." Kweli, alikuwa amekivika karatasi ngumu ya kaki, ndani akaongeza vipande viwili vya boksi, kikavimba na kuwa kama kitabu cha sheria.

Karani alikipima uzito mkononi. "Nitampa mjukuu wangu akijaribu," akasema, akakitia kwapani.

Siku kumi zilipita. Jumanne moja asubuhi Fundi alikuwa anapinda sketi mlango ulipofunikwa kivuli. Dereva alisimama pale, macho mekundu, kitabu chake mkononi. Fundi aliondoa mguu kwenye pedali.

"Dada," akasema Dereva, "ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba yule dereva anakufa. Ukurasa wa sabini na moja. Breki zinakatika mlimani."

Fundi aliinuka kitini. Alikuwa amesoma ukurasa wa arobaini tu, wenye wimbo na utani wa safarini, na lori jekundu kwenye jalada likamtosha. Kumpa mtu anayepanda usukani kila siku kitabu cha namna hiyo! "Sikujua, kaka yangu. Wallahi sikujua. Nisamehe. Nipe nikirudishe, nikutafutie kingine sasa hivi."

Dereva akakirudisha kitabu kifuani kama anayenyang'anywa mtoto.

"Kukirudisha? Nimekwambia nimekimaliza? Nilikuwa kwenye mizani, foleni imesonga, wanapiga honi nyuma yangu, mimi nimejiinamia nalia kama mtoto. Mwenzangu kapanda kuniuliza nani kafiwa. Nikamweleza. Naye akalia." Akavuta kamasi. "Dada, nimelia kwa Kiingereza. Sikufungua kamusi hata mara moja. Nilikuja kukuuliza, mkewe ataolewa tena au la? Maana kama ni na yule mwenye gereji, mimi sikubali."

"Basi kasome," akasema Fundi, akaketi, na wote wawili wakacheka mpaka kinyozi akatoka nje na wembe mkononi kuuliza kulikoni.

Jumamosi ya kusimulia, Mwalimu aliingia na maswali kumi kwenye karatasi. Hakupata nafasi ya kuuliza hata moja. Dereva alishaanza kumweleza Muuguzi habari za mwenye gereji, kwa Kiingereza cha kukwaruzana, vitenzi vya jana na vya kesho vimechanganyika, lakini hakuna aliyepotea. Muuguzi akakatiza kwa hadithi yake ya daktari bandia. Mpishi, ambaye miezi yote hakuwahi kusema sentensi iliyozidi maneno manne, alisimama akasema kwa ukali kwamba yule kijana hakumstahili yule msichana, na kwamba angekuwa mama yake angemfungia nje.

"Nyote hamjasikia kitu," akasema Karani, na kaki ya kitabu chake ilikuwa imechakaa pembeni. "Mwizi alijulikana tangu ukurasa wa kumi na mbili. Aliweka tarehe chini ya sahihi. Hakuna karani duniani anayeweka tarehe chini! Mara ya pili ndipo nilipogundua."

"Mara ya pili?" akauliza Mwalimu. "Mzee, umekisoma mara mbili?"

"Mjukuu alikuwa haelewi," akajibu Karani, na darasa zima likavunjika mbavu, yeye mwenyewe akiwa wa mwisho kuacha kucheka.

Mwalimu alikunja karatasi yake ya maswali, akaketi kwenye dawati kati ya wanafunzi, akawasikiliza. Saa moja nzima hakusahihisha neno.

Wakati wa kuondoka ndipo alipouliza, "Na Fundi je, umesoma nini?"

Fundi alihesabu kwa vidole. Vitabu vinane, watu wanane. Yeye hakujikumbuka. Wenzake walimtazama, kisha kukawa na vurugu: kila mmoja alikisukuma chake mbele yake na kuapa kwamba hicho ndicho kitakachomfaa. Mpishi hakusukuma wala kuapa. Alimtilia chake mkobani kimyakimya na kumminya mkono.

Jioni ile mumewe alikuwa anakoroga chungu, Fundi ameketi kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, anasoma kwa sauti na kumtafsiria mstari kwa mstari. Msichana alikuwa amepanda treni. Kijana alikuwa anakimbia kandokando ya reli, anaita, ana kitu mkononi.

"Kitu gani?" akauliza mumewe.

"Neno silijui."

"Itazame kamusi."

"Treni inaondoka, mume wangu!"

"Basi ruka, ruka," akasema, mwiko umesimama hewani. "Halafu?"