Gauni Langu Kwenye Swichi

Mama mwenzangu, kama una mtoto wa chuo amerudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa huu wa barakoa, na siku moja likaletwa boksi mlangoni lina jina lake, usilipokee ukasema ahsante yakaisha. Uliza. Ukijibiwa nusu nusu, uliza tena.

Binti yangu anasomea umeme. Chuo kilipofunga maabara, wakaamua maabara iwafuate wanafunzi majumbani: nyaya, swichi, kipima umeme, na mota ndogo lakini nzito, ukiibeba unaegemea upande.

"Masomo tu hayo, mama," akaniambia, akaliburuta boksi chumbani kwake. Kisha nikasikia komeo.

Masomo gani yanataka komeo?

Mimi ni mshonaji. Wakati ule nilikuwa nashona barakoa, na cherehani yangu imeegemea ukuta wa chumba chake. Nikiacha kukanyaga, nasikia mpaka kitanda kikilia. Ndivyo nilivyoisikia sauti ya mwanaume, nzito, ya mtu mzima kabisa.

"Mwenzako yupo?"

"Yupo, mwalimu," binti yangu akajibu.

Chumbani nilimwacha mtu mmoja. Huyo mwenzake aliingilia wapi? Dirisha lina nondo. Halafu kikaja kikohozi kizito, cha mtu aliyekaa hapo hapo ndani.

Nikampelekea habari mdogo wangu, tunayepakana naye ua.

"Dada, huyo mwalimu ndiye bwana wake," akasema. "Siku hizi wanaingia kwa simu."

"Wa kwenye simu atakohoaje pembeni ya kitanda?"

"Basi wapo wawili!" Alivyochangamka, ungedhani nimemletea zawadi.

Tangu siku hiyo sikutulia. Ikatoka harufu ya kuungua, nikaambiwa ni pua yangu. Binti akatoka na kidole kimevimba lengelenge, akasema ameungua na pasi. Pasi nilikuwa nayo mimi tangu asubuhi. Kisha gauni langu la kijani, lile la kola pana, likapotea kwenye kamba. Nikamtupia mdogo wangu jicho.

"Usiniangalie hivyo, dada. Lile gauni hata ungenipa bure ningekataa."

Wiki ile ile binti akaniambia mezani. "Mama, kesho naomba usinigongee mlango. Nina mtihani wa vitendo, mwalimu ananitazama kwa simu. Nikifeli huo, narudia mwaka mzima."

Sikugonga. Nilizunguka nyuma ya nyumba, nikageuza ndoo, nikapanda, nikatafuta uwazi wa pazia.

Simu ilikuwa imefungwa kwenye chupa, inatazama meza. Binti ameinamia mota yake. Na kwenye kiti, pembeni ya soketi ya ukutani, nilikuwa nimekaa mimi. Gauni la kijani limejazwa mto, kitambaa changu cha kichwa, barakoa niliyoishona mwenyewe. Mkono wa gauni ulikuwa na glavu, na glavu imelazwa juu ya swichi.

"Shikamoo, mama!" simu ikasema. "Uko tayari hapo kwenye swichi?"

Binti akageuza uso, akakohoa, akaikaza sauti. "Marahaba. Niko tayari."

Nimeamkiwa, nimeitikia, na huku niko nje juu ya ndoo.

Nikashuka, nikaenda mlangoni. "Fungua! Au mwambie huyo mimi aliyemo humo anifungulie."

Komeo likatoka. Nilipoingia, mwalimu akasogeza uso mpaka ukajaa kioo cha simu.

"Samahani... hapo mama mko wangapi?"

Binti akaanza kulia. Mwalimu ndiye aliyenieleza. Kwenye maabara yao hakuna anayeshika umeme peke yake. Mmoja anafanya kazi, mwenzake anasimama mkono kwenye swichi, tayari kuzima, macho kwa yule anayefanya, hana shughuli nyingine. Walipohamia nyumbani, wakasema mwenza awe mtu mzima yeyote wa familia.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza binti.

"Ungekubali?"

"Ningelitupa boksi barabarani!"

"Si unaona?"

Mwalimu akasema mtihani ule ameufuta. Arudie saa hiyo hiyo na mtu mwenye pumzi, la sivyo asubiri mwaka mwingine. Wote wawili wakanitazama.

"Na wewe, mwalimu," nikasema, "umeme ukimshika, huko uliko utafanya nini?"

"Nitapiga kelele, mama."

"Basi hicho ndicho nilichotaka kukisikia." Nikaling'oa lile gauni kwenye kiti, nikakaa mimi.

Binti akaunga nyaya, akasema washa. Nikawasha. Mota ikanguruma bila kuzunguka. Mwalimu akainua kidole, "Subiri, usigu..." na hapo mtandao ukamkamata. Akabaki mdomo wazi kama picha ya ukutani. Binti wala hakutazama simu. Aliona muda unakwenda na mwaka wake unakwenda nao. Mkono ukaenda kwenye waya.

Nikazima.

"Mama! Umeniharibia mtihani!"

Picha ikarudi. "...mnanisikia? Nimesema usiguse kabla hujazimiwa. Nani amezima?"

"Mimi."

"Nani alikwambia uzime, mama?"

"Mkono wake."

Binti akajitazama. Kidole chake kilikuwa kimegusa shaba, pale pale ilipovuliwa plastiki. Akakiondoa taratibu, kama anakitoa kwenye mdomo wa mbwa aliyelala. Hakunigombeza tena. Akaukaza waya uliokuwa umelegea, akanitazama machoni, akasema kwa adabu, "Washa, mama."

Mota ikazunguka. Amefaulu, mwaka wake upo.

Komeo nimeling'oa kwa bisibisi yake mwenyewe. Na yule mwalimu bado simwamini. Si kwa ubaya, ni kwa sababu anaweza kukwama katikati ya neno, na hana mkono wa kufika kwangu. Kwa hiyo, mwenzangu, ukisikia sauti chumbani inauliza kama mwenza yupo, usiende kutafuta mwanaume chini ya kitanda. Ingia uangalie nani ameshika swichi. Na kabla ya hapo, kagua nguo zako kwenye kamba.