Meza ya Bibi Yake Bi Hortense

Babu za Wafaransa walimkata kichwa Mfalme Louis, na sasa wajukuu walikuwa wakigombania meza za mtindo wake. Fundi Anselme Courtade, wa mtaa wa Saint-Antoine jijini Paris, alizinakili kwa ukaidi: penye kasoro, naye aliweka kasoro. Mteja wake, Bi Hortense de Vaubrun, alikuwa na meza aliyoachiwa na bibi yake, yenye droo inayokwama. Basi na ile mpya aliyomchongea ikakwama vilevile.

Akaitwa.

"Fundi, umenilipulia kazi! Droo yako inagoma kama punda."

"Lakini Bi mkubwa, hata ile ya bibi yako inakwama."

"Ile ni uzee, ina haki yake. Hii ni uzembe."

Anselme akameza hasira, akaichomoa droo. Chini yake akakuta muhuri uliofifia wa fundi wa mfalme. Kumbe hii ndiyo meza ya bibi: watumishi, walipozihamisha meza ili wapige deki, walizibadilisha nafasi! Akafungua kinywa aseme.

"Na usijitetee," Bi Hortense akamkatiza. "Jicho langu halidanganyiki. Kazi ya siku hizi naitambua nikiwa mlangoni."

Anselme akapaka sabuni pande zote za droo, ikateleza yenyewe.

"Afadhali. Lakini sebuleni haikai. Nitampa mpishi awekee vitunguu."

Anselme akaitazama ile nyingine, kazi ya mikono yake, imetukuzwa chini ya picha ya marehemu bibi. Akavua kofia, akainama.

"Basi vitunguu vitalala kifalme, Bi mkubwa."

"Hebu punguza kujisifu, fundi!"