Viazi Sita vya Mwalimu Avelina

Mwalimu Avelina alikuwa ameshaandika barua nne kuiombea shule jenereta. Siku mgeni rasmi alipofika kijijini Kate kuikagua shule hiyo, aliwapanga wanafunzi wake waonyeshe somo la umeme. Walichukua viazi mviringo sita, wakakichomeka kila kimoja msumari wa bati upande huu na waya wa shaba upande ule, kisha wakaviunganisha juu ya sinia. Kitaa chekundu walichoking'oa kwenye redio mbovu kikawaka, hafifu kama jicho la panya.

Mgeni alipiga makofi mpaka kofia ikamdondoka.

"Hili ndilo soko huria, kila mtu ajitegemee! Andika," akamwambia karani wake, "shule hii umeme inao. Jenereta ipelekwe kwingine."

Damu ikamchemka Avelina. "Mheshimiwa, kwa mwanga huo hata sisimizi hasomi!"

"Ongezeni viazi, mwalimu. Ufipa nzima mtakosa viazi?"

Msafara mzima ukaangua kicheko. Avelina akalirudisha sinia darasani.

Wakati wa kuondoka, dereva alizungusha ufunguo. Gari likakohoa mara mbili, likazima. Betri ilikuwa imekufa. Mgeni akashuka, akaomba wanafunzi waje kusukuma.

"Asiguse mtu!" Avelina alisema. Akaingia darasani, akatoka na sinia lile lile la viazi, akalitua juu ya boneti kwa kishindo.

"Umeme huo hapo, Mheshimiwa. Usipotosha, ongeza viazi."